Herufi Tatu Zilizokataliwa

Kara-Döbö, Naryn
12 Januari

Kalys mwanangu,

Mifugo na roho huku ni salama. Ng'ombe mwekundu ana mimba, baridi imeshuka hadi mate yanaganda kabla hayajafika chini, na goti langu la kushoto linaijua theluji kuliko redio. Nimempa dereva Sapar mfuko wa jibini kavu za kurut na chupa ya samli. Hakikisha anakukabidhi mfuko mzima, maana mwaka jana jibini zilifika nusu na Sapar akafika amenenepa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Simu sitaki, ofisi yetu ya usajili kuta zake zina masikio. Na wewe ukiandikiwa ujumbe unajibu kwa kile kidole gumba cha manjano. Mama yako alipokufa nilikuchukua una miaka minne, nikakulea mpaka ukaingia chuo. Sikukulea ili nijibiwe kwa kidole.

Ule mfumo mpya wa kompyuta umekuja. Vijana wawili waliufunga mwanzoni mwa Desemba, wakatufundisha saa mbili, wakala nyama yetu, wakaondoka. Tangu mwaka uanze, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo lazima kitoke humo. Cha mkono si halali tena. Mimi siogopi mashine, unanijua. Nilijifunza kompyuta peke yangu nikiwa na miaka arobaini na tano, nikapaka vibonye rangi ya kucha ili nijue herufi za kwetu zimejificha wapi. Na mfumo wenyewe una raha yake: jina lililokuwa likitafutwa asubuhi nzima kabatini sasa linatokea hujamaliza kupiga chafya.

Lakini Jumatatu alikuja Maksat, mchunga farasi wa bonde la juu. Amepanda farasi kilomita kumi na nane, ndevu zimejaa barafu, anakuja kumwandikisha binti yake wa kwanza. Jina la mtoto: Künayim. Nikaandika. Kioo kikawa chekundu: "Herufi hairuhusiwi." Nikajaribu ö, kikawa chekundu. Nikajaribu ng', chekundu tena. Herufi zetu tatu, zile tulizoziongeza juu ya herufi za Kirusi kwa sababu Kirusi hakina, zimekatazwa katika ofisi ya serikali yetu wenyewe. Hata jina la kijiji hiki halikubali!

Venera, mwenzangu wa meza ya pili, akanong'ona, "Andika u ya kawaida, eje, dada yangu. Nani ataona?"

Maksat akasikia. Akavua kofia. "Eje, kün ni jua. Kun ni fidia ya damu, anayoilipa muuaji. Mwanangu ana siku tisa duniani. Amemuua nani?"

Venera akainama akatafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Nikatoa rejista ya zamani, nikaandika Künayim kwa wino, nikaandika na cheti, nikagonga muhuri. Najua si halali. Alikipokea kile cheti kwa mikono miwili, na mimi nikajiona nimerefuka.

Wewe unafanya kompyuta za maghala, lakini watu wa kazi yenu mnajuana. Ulizia huko: nani aliyeandika hilo katazo? Nataka jina lake tu. Jina kamili, ili laana isipotee njia.

Tayeje wako, dada mkubwa wa mama yako,
Sayrakan


Bishkek
21 Januari

Tayeje,

Kurut zimefika zote. Nilizihesabu mbele ya Sapar, akanuna. Mimi mzima, chumba kina joto, na kofia navaa, kabla hujauliza.

Nimeulizauliza kuhusu huo mfumo. Inaonekana mashine za kuchapa vyeti zilinunuliwa nje pamoja na aina zake za herufi, na zile tatu za kwetu zilikuwa zikitoka kama visanduku vitupu. Siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imefika. Nadhani aliyefanya hivyo aliona afadhali kuzifunga kuliko watu wapewe vyeti vyenye visanduku. Labda alikusudia kurudi kuzifungua baadaye. Kazi ya programu ndivyo ilivyo, Tayeje: kiraka cha siku moja huzeekea pale pale.

Na tuseme kweli, huku mjini nusu yetu hatuziandiki hizo herufi kwenye simu na tunaelewana vizuri tu. Wengine wanasema tuhamie herufi za Kilatini kama majirani na ugomvi huu wote utakwisha. Nakuomba uandike u ya kawaida. Umebakiza miaka minne upate pensheni. Usiichezee kwa sababu ya nukta mbili.

Habari njema: bosi wetu, Azat bayke, kaka mkubwa wa sote kazini, anasema Machi huenda akanipa kuongoza kikundi cha watu sita. Watu sita! Utanicheka, lakini nimenunua shati.

Wako,
Kalys


Kara-Döbö
3 Februari

Kalys,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

"Tunaelewana vizuri tu." Haya, nielewe na mimi. Tong' ni kuganda kwa baridi. Ton ni koti la ngozi. Njoo Naryn mwezi huu, nikuvue koti nikuache nje, halafu uniambie ng' na n ni kitu kimoja. Na hicho Kilatini chenu, hata tukiandika kwa kucha za kuku sauti zitabaki zilezile. Mwenye kuzitupa atazitupa kwa herufi zozote.

Nina swali jingine kwenu wasomi. Kompyuta yangu kuukuu ina programu ya kuandikia ya bure, ile ambayo wanafunzi wa chuo waliitafsiri wenyewe kwa kujitolea, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ndani yake. Humo herufi zetu zote zimo, hata kosa la tahajia inanionyesha. Mfumo ulionunuliwa kwa mkataba na sherehe ya kukata utepe haunazo. Kwa nini ya bure inatujua kwa majina, na ya kununua haitujui?

Halafu umesema aliyefanya hivyo "alikusudia kurudi." Unamtetea kama shemeji yako.

Sikiliza habari ya Burulcha, mke wa yule fundi wa matandiko, Öskönbay. Öskönbay alikufa Desemba. Pasipoti yake ya zamani inasema Öskönbay. Cheti cha kifo, kilichotoka kwenye mfumo, kinasema Oskonbay. Alipokwenda kuomba pensheni ya mjane, dirishani wakamwambia hawa ni watu wawili. Amerudi mara nne, kwa miguu, kwenye barafu. Juzi alikaa mbele yangu, akaweka karatasi zote mbili mezani, akasema kwa upole kabisa, "Sayrakan, kwa mashine mume wangu yu hai, na mimi nimemzika mume wa mtu." Wengine walicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Mimi sikuweza.

Jana akaja mkaguzi kutoka mkoani, Dooronbek, na gari lake lenye joto. Ameiona rejista ya wino.

"Eje, wilaya zote zinatumia mfumo bila maneno. Wewe tu ndiye mjuaji?"

"Wilaya zote zinanung'unika, bwana mkubwa. Mimi ndiye mwenye sauti."

"Mfumo haukosei."

"Kweli, haukosei. Aliyekosea ni mtu, na sasa hivi yuko mahali anakunywa chai."

Amenipa mpaka tarehe kumi nifunge rejista. Wanasema mtoto wa dada hawi ukoo, na ngozi ya kisogo haiwi koti. Usinifanye niiamini methali hiyo. Nitafutie jina la mtu huyo.

Sayrakan


Bishkek
8 Februari

Tayeje,

Naandika haraka, Sapar anapiga honi chini.

Funga rejista. Nakusihi. Niandikie majina yote uliyoyaandika kwa wino, pamoja na tarehe, na jina la marehemu Öskönbay. Nitayaingiza mimi mwenyewe kwenye mfumo, yakiwa na herufi zake zote. Usiniulize kwa njia gani. Hakuna atakayejua, vyeti vitachapika, Burulcha atapata haki yake na wewe utabaki na meza yako.

Chonde, Tayeje. Nitumie orodha.

Kalys


Kara-Döbö, chumba cha kumbukumbu
17 Februari

Kalys,

Meza sina tena. Tarehe kumi Dooronbek alirudi, akaninyang'anya ufunguo wa mfumo na kunileta huku nyuma, kwenye majalada ya enzi za Kisovieti. Nimepewa kazi ya kupanga vizazi vya mwaka 1954. Vimeandikwa kwa kalamu ya kuchovya, na herufi zetu tatu zote zipo, tena kwa mwandiko wa kutamanika.

Venera anakaa peke yake mbele. Lakini sikia jambo: tangu nihamishwe hakuna mzazi aliyeandikisha mtoto mwenye herufi hizo. Maksat amezunguka na farasi wake bonde zima akieneza habari. Wanafika, wanamwuliza Venera, "Herufi zimeruhusiwa?" Anasema bado. Wanamshukuru, wanakunywa chai yake, wanarudi kwao. Watoto kumi na mmoja mpaka leo. Bibi mmoja alimwambia, "Mjukuu wangu hana haraka, jina lake limekaa miaka mia tatu, litasubiri mwezi." Nilimsikia kupitia ukutani. Kalys, nilikaa juu ya sanduku la majalada nikajivunia watu wangu mpaka nikasahau baridi ya chumba.

Orodha yako sikutumii. Nikikupa majina hayo ya wino uyapitishe kwa mlango wa nyuma, je, mtoto wa wilaya nyingine ambaye hana mjomba mjini? Haki ya kuandikwa jina lako si samli ya kupenyezewa mtu mfukoni. Halafu nikajiuliza: mtu wa kompyuta za maghala anaingiaje katika daftari la vizazi la nchi nzima? Umesema nisiulize. Siulizi.

Ila kuna jambo nililokuficha, na sasa linanikera kuliko goti. Cheti cha Öskönbay kilitoka ofisini kwetu. Hakikuandikwa na Venera. Nilikiandika mimi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mfumo, watu wamejaa mlangoni, kioo kikawa chekundu, nami nikasema moyoni, "Basi o ya kawaida, nitarekebisha kesho." Kesho yake ukaja msiba mwingine, nikasahau. Burulcha aliponiwekea karatasi zile mezani, sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu, naye hakuitaja. Alijua. Alinistahi.

Ndiyo maana Maksat alipokuja sikuweza kufanya hivyo mara ya pili. Usinidhanie mtakatifu. Jana nilikwenda kwa Burulcha, nikamwambia kwa mdomo wangu. Aliniongezea chai, akasema, "Nilikuwa nakungoja."

Sayrakan


Bishkek
27 Februari

Tayeje,

Ni mimi.

Sijui namna nyingine ya kuanza. Tangu Agosti si mtu wa maghala tena, kampuni ilinihamishia kwenye mfumo wa usajili nami sikukuambia. Nilitaka kwanza ufike ofisini kwako, uusifu, halafu nije niseme kwa maringo, "Tayeje, huo umeutengeneza mtoto wako." Septemba, siku moja kabla ya kukabidhi, visanduku vikaanza kutoka kwenye karatasi. Nikaandika mstari mmoja unaoruhusu herufi za Kirusi tu. Visanduku vikakoma. Azat bayke akanipiga bega. Nilisema nitarudi Jumatatu kuufuta. Jumatatu kulikuwa na kazi nyingine. Nilipofika kwenye "Akavua kofia" katika barua yako, nilikunja karatasi nikaiweka chini ya godoro kama mtoto aliyevunja kikombe.

Ukaandika umekwenda kwa Burulcha kwa miguu yako mwenyewe. Nisingeweza tena kula kurut zako.

Jumatano kulikuwa na kikao, na watu wawili kutoka wizarani walikuwapo kusikiliza maendeleo. Azat bayke akasema mfumo unafanya kazi katika wilaya zote bila malalamiko. Nikanyoosha mkono.

"Malalamiko yapo," nikasema. "Hayatufikii kwa sababu fomu ya malalamiko nayo inakataa herufi zile zile."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Azat bayke akasema, "Kalys, tutaongea baadaye."

"Baadaye ndiyo iliyotufikisha hapa, bayke. Mstari ule niliuandika mimi. Nina jina langu hapo pembeni, na tarehe." Nikauonyesha mstari huo ukutani kwa projekta, kwa herufi kubwa, mbele ya wote.

Yule mwanamke wa wizarani, Roza eje, akauliza, "Kurekebisha kutachukua muda gani?"

"Siku tatu."

"Kwa nini hamkufanya hivyo Septemba?"

Kisha akauliza swali la pili, ambalo lilimwuma Azat bayke zaidi: kwa nini wizara haina ruhusa ya kufungua programu yake yenyewe ikaona kilichomo? Mkataba hauruhusu. Akaandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari chini mara mbili.

Siku tatu zimetosha. Unajua visanduku nimeviondoaje? Kwa herufi za bure za wale wanafunzi wako wa kujitolea. Nimewaandikia barua ya shukrani, nikawatajia ofisi yenu. Mstari wangu nimeufuta. Kesho utaona.

Kikundi cha watu sita amepewa mwenzangu Timur. Mimi nimepewa vyeti vilivyokwishatoka vibaya, elfu moja na mia tisa na kitu, nivishughulikie kimoja kimoja, kila kimoja kwa ombi la mwenyewe. Azat bayke alidhani ananiadhibu.

Ulitaka jina kamili. Unalo. Ulilichagua wewe.

Kalys


Kara-Döbö
10 Machi

We mtoto!

Venera alinisomea barua yako kwa sababu miwani yangu ililowa. Kwanza nilikutukana, kwa sauti, mbele ya watu, nikarudia. Mwezi mzima nimemlaani mtu kila siku kabla ya chai, kumbe namlaani mtoto wangu! Nimekwenda kwa imamu kuuliza kama laana inarudishwa. Amesema inategemea kama mlengwa ametubu. Nikamwambia ametubu mbele ya wizara nzima. Akasema, basi hiyo imekwisha, leta samli.

Umenidanganya barua mbili, na hilo sijalimaliza. Ukija utakata kuni za majira mawili. Lakini uliposimama pale na kusema "niliuandika mimi," ulisimama kwa miguu ya mama yako. Naye alikuwa hivyo hivyo, mwoga kama sungura mpaka dakika ya mwisho, halafu hakuna wa kumkalisha.

Kioo hakikuwa chekundu. Meza yangu nilirudishiwa Alhamisi. Dooronbek alinipigia simu mwenyewe akaniita "eje mheshimiwa," nami nikamwambia sisikii vizuri, arudie. Ijumaa walifika wote siku moja, farasi wamefungwa mpaka kwenye nguzo ya umeme. Watoto kumi na wawili, mabibi, nyama, mikate ya kukaanga juu ya printa. Maksat aliingia wa kwanza. Alikitazama cheti kipya, akakitazama kile cha wino, akasema vyote viwili atavihifadhi, kimoja cha serikali na kimoja cha Sayrakan.

Burulcha amepata cheti sahihi na fomu zake zimepokelewa. Pensheni itaanza Aprili. Nimemweleza nani aliyeandika mstari ule. Amesema njoo.

Si ombi, Kalys.

Tayeje wako


Bishkek
19 Mei

Tayeje wangu,

Kuni nilizikata nilipokuja huko, mgongo bado unakumbuka. Lakini kuna mawili hukuyaona, nayo ndiyo ya barua hii.

La kwanza ni kwa Burulcha. Uliniacha mlangoni ukaenda kutazama ndama, nami najua ulifanya makusudi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, yakapotea. Nikasema tu, "Eje, nisamehe, nilikuwa na haraka." Akanipeleka kwenye karakana ya marehemu, akanionyesha tandiko moja. Akasema Öskönbay alilishona mara tatu, mara mbili akalifumua kwa sababu ya mshono mmoja chini ya ngozi ambao hata farasi asingeujua. "Wewe umefumua mara moja," akasema. "Bado una umri mbele yako." Kisha akanipa chakula kana kwamba sijala tangu nizaliwe.

La pili ni la wiki iliyopita, wizarani. Sasa sheria yao ndogo mpya ni hii: hakuna programu itakayopokelewa kabla wasajili wa wilaya hawajaijaribu wiki nzima, na wizara lazima ipewe ruhusa ya kuifungua. Ulipoingia kuujaribu mfumo, na lile koti lako la mbuzi, vijana wa kampuni walitazamana. Ulivaa miwani, ukamwambia Timur akae yeye kwenye kibodi na wewe utaje majina. Ulitaja majina sitini kutoka kichwani, ya watu wa bonde lako, walio hai na waliokufa, huku kidole chako kikifuata kioo. Jina la thelathini na nane likakwama. Timur akasema ni dogo, atalirekebisha baadaye. Ukavua miwani. "Nitasubiri," ukasema, ukatoa soksi unayofuma ukaendelea kufuma. Ulisubiri saa moja na nusu. Akarekebisha.

Halafu uliondoka kuwahi gari la Naryn, kwa hiyo hukusikia. Mlango ulipofungwa, mkuu mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Yule mama ni nani?"

Nikasimama. Hapakuwa na haja ya kusimama, swali lilikuwa dogo.

"Ni dada wa mama yangu," nikasema. "Ndiye aliyenilea."

Azat bayke alikuwa anatazama meza. Roza eje akaandika kitu kwenye daftari, akasema, "Basi mwulize kama anaweza kuja tena Juni. Kuna mfumo wa ardhi, na tunamtaka akae pale mbele."

Unaweza?

Kalys wako